Nusu Saa ya Kinyozi

Nywele za mwanadamu huota sentimita moja na zaidi kidogo kwa mwezi, na hazina habari kwamba mwenye kichwa amehama nchi. Viza inaweza kuchelewa, fedha za ufadhili zinaweza kukwama, chumba kinaweza kukosekana hadi ukalala sebuleni kwa watu. Ikifika wiki ya nne shingo imeshaanza kuwasha na kofia imekuwa vazi la kudumu. Chakula utajipikia. Nguo ulikuja nazo. Kichwa lazima ukipeleke mwenyewe kwa mtu usiyemjua, ukae kwenye kiti chake, umwachie shingo na wembe, na mtu huyo pengine hajawahi kushika nywele kama zako.

Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Bujumbura huondoka na viwango ambavyo hajawahi kujua kuwa ni viwango. Saluni iko hatua chache kutoka mlangoni. Ukutani kuna bango la picha za vichwa vyenye namba, redio inachambua mpira, benchi limejaa wanaosubiri zamu na wasiosubiri chochote. "Bosi, tunaweka nini leo?" anauliza kinyozi. "Kama kawaida, kaka." Mashauriano ya kitaalamu yameishia hapo, kilichobaki ni Simba na Yanga. Wembe mpya unafunguliwa mbele ya macho yako, unachongwa pembeni, spiriti inakuunguza mpaka unafumba macho, na kama saluni imejiongeza kidogo, dada anakuosha kichwa kwa maji ya moto, anakufanyia skrabu na kukukanda mabega. Mtaani Dar utatoa elfu mbili au tatu. Nairobi, kwenye mitaa ya kawaida, mia moja au mia na hamsini za Kenya. Ziko saluni za kishua zinazotoza mara kumi ya hapo, na wanaozihitaji wanazijua.

Halafu mtu huyo anasimama mbele ya kioo cha saluni ya London na kusoma bei: pauni 15 kwenye mtaa wa kawaida, 20 au 25 karibu na kituo cha treni, na katikati ya jiji afadhali usisome. Hapo ndipo homa ya kubadili fedha inapompanda. Pauni 15 ni kama shilingi elfu hamsini za Tanzania. Elfu hamsini, kwa kichwa kimoja! Nyumbani ingemnyoa yeye, kaka zake na wajomba, na soda juu. Hesabu hiyo ni sahihi na haimsaidii kitu, kwa sababu inalinganisha bei ya mji mmoja na kipato cha mji mwingine.

Ipige upya kwa saa za kazi. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza, kwa aliyetimiza miaka 21, kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa. Pauni 15 ni kama saa moja na robo ya mtu anayepanga maboksi ghalani, chini ya sehemu ya sita ya siku yake ya saa nane. Sasa mchukue saidia fundi wa Dar anayelipwa elfu kumi kwa siku. Akimpa kinyozi elfu tatu, ametoa karibu theluthi ya siku nzima ya kubeba zege. Kwa kipimo cha jasho, kinyozi wa Dar ndiye ghali. Nikiwaambia hivi vijana wanaojiandaa kusafiri hunicheka, kisha hutoa simu kuhakikisha.

Mwaka 1964 wachumi wawili, Béla Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kivyake, walieleza kwa nini maisha ya nchi tajiri huwa ghali hata pale bidhaa za dukani zinapokaribiana bei na za kwetu. Simu, mchele na viatu hupanda meli. Bei zikipishana mno, mfanyabiashara atavitoa palipo rahisi na kuvipeleka palipo ghali. Kunyolewa hakupandi meli. Walimu wa uchumi wanapofundisha jambo hili hupenda kumtaja kinyozi, kwa kuwa kasi ya mkono wake haiongezeki. Mfanyakazi wa kiwanda cha Stuttgart, akiwa na mitambo, huzalisha mara nyingi zaidi ya mwenzake mwenye nyundo; lakini kinyozi wa Stuttgart hamalizi vichwa kumi katika muda ambao kinyozi wa Tanga anamaliza kimoja. Hata hivyo, huyo wa Stuttgart anaweza kutundika mkasi akaenda kiwandani, kwa hiyo sharti alipwe kiasi cha kumfanya abaki. Unachonunua ni nusu saa ya mtu ambaye angeweza kuiuza kwingine kwa bei nzuri. Nyumbani tulizoea kuipata nusu saa hiyo karibu bure, tukadhani tunalipia wembe na umeme.

Juu ya nusu saa hiyo kuna sheria, na hapa nchi zinaachana vibaya. Ujerumani, nywele ni fani iliyofungwa kwa cheti. Kijana hujifunza miaka mitatu chini ya mwajiri, akifaulu anakuwa fundi, na akitaka kufungua saluni yake anapaswa awe na cheti cha ufundi mkuu, yaani Meister, au amwajiri mwenye nacho. Fundi aliyefanya kazi miaka sita, minne kati yake akiwa na madaraka, anaweza kuomba ruhusa. Mwaka 2004 serikali ilizifungulia fani 53 zisidai tena cheti hicho. Fani ya nywele haikuwamo. Ukivuka bahari hadi Uingereza unakuta kinyume chake kabisa: kuna sheria ya 1964 ya kusajili watengeneza nywele, ila kujisajili ni hiari. Kinyozi hodari wa Kariakoo mwenye kibali cha kuishi na kufanya kazi anaweza kufungua saluni Leicester mwezi ujao. Leipzig atakaa miaka, pengine akiwa chini ya bosi anayejua kichwa cha aina moja tu. Mimi sipendi sheria ya Wajerumani, lakini lazima niseme kwamba sijawahi kuona mashine chafu katika saluni zao.

Kuna na kodi. Biashara ya Uingereza ikivuka mauzo ya pauni 90,000 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Aprili 2024, hulazimika kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Saluni yenye viti vitano ikiuza kama biashara moja inaweza kuuvuka mstari huo bila shida. Kama kila kinyozi amejiajiri na kukodi kiti chake kwa wiki, kila mmoja ana hesabu yake, na wote watano wako chini ya mstari. Mpango huo ni wa kawaida sana huko, na ndiyo sababu mojawapo ya wewe kuona kwenye chumba kimoja viti vitano na foleni tano, ambazo hazichanganyiki hata kidogo. Ukikaa kwenye kiti cha mtu huku ukimsubiri mwenzake, umewagombanisha.

Sasa, wachumi walisema kunyolewa hakusafirishwi, na ni kweli, lakini kinyozi mwenyewe hupanda ndege kama sisi. Angalia mitaa ambayo bei imelainika Ulaya utawakuta watu waliokuja. Sonnenallee ya Berlin wapo Wasyria na Wapalestina. Uingereza nzima, hadi miji midogo ya mashambani, ina vinyozi wa Kituruki na Kikurdi wanaokumalizia kwa kupitisha kijiti chenye moto kwenye nywele za masikio. Rye Lane, Peckham, kusini mwa London, ni ya Wanaijeria kwanza na wengine baadaye. Mtaji wa kazi hii unaeleweka upesi kwa mgeni: kiti, kioo, mashine, mkono. Hauhitaji lugha nyingi. Na mteja wa kwanza ni yule aliyekuja kwa ndege ya juzi.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mtaa wa kuujua Ubelgiji ni Matonge, katika manispaa ya Ixelles, Brussels. Jina limetoka kwenye mtaa wa Kinshasa, na barazani humo kumejaa saluni kiasi kwamba harufu ya mafuta ya nywele inakupokea kabla ya mtu. Kilingala ndicho chenye sauti kubwa, lakini Kiswahili cha Goma, Bukavu na Lubumbashi hakikosekani, na ukikisikia jiongeze, salimia, uliza. Paris, shuka kituo cha metro cha Château d'Eau. Ngazi hazijaisha umeshazungukwa na wapiga debe wanaokuvutia saluni hii na ile, na mtu aliyekulia stendi ya Ubungo atajisikia nyumbani kuliko Mfaransa wa mtaa wa pili.

Usiishie kwenye furaha ya bei, lakini. Mwaka 2014 wafanyakazi 18 wa saluni moja ya eneo hilo, kwenye jengo namba 57 la barabara ya Strasbourg, Waafrika wasusi na vinyozi pamoja na Wachina wa kucha, wengi wao bila karatasi, waligoma na kuikalia saluni kwa sababu hawakulipwa. Waliungwa mkono na chama cha wafanyakazi cha CGT, na mwishowe wakapata vibali vya kuishi. Bei ndogo mno katika mji ghali ina mtu anayeilipia nyuma ya pazia. Ukiona saluni ya London inanyoa kwa pauni sita katika mwaka ambao nusu saa ya kima cha chini peke yake inazidi hapo, jiulize nani ananyolewa bila maji.

Ghuba ndiko hesabu ya Balassa na Samuelson inakopinduka. Muscat na Dubai ni miji ya fedha, ila kwenye mitaa ya kawaida ya Ruwi utanyolewa kwa rial moja au mbili, na Deira kwa dirhamu zisizokuumiza. Kinyozi anatoka Kerala, Bangladesh au Pakistan, na kibali chake kimefungwa kwa mwajiri aliyemleta. Si rahisi kwake kutundika mkasi akahamia kampuni ya mafuta. Nusu saa yake haijashindaniwa na mtu, ndiyo maana ni rahisi. Anakunyoa vizuri, anakukanda kichwa mpaka usingizi ukuchukue, nawe mwenye nywele za kipilipili utaona kwamba mkono wake umezoea nywele za singa. Muscat ina faida moja ambayo miji mingine haina: wazee wenye asili ya Zanzibar, walioondoka visiwani baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na wengi kufika Oman baada ya 1970, bado wanazungumza Kiswahili safi, na mzee wa Kiunguja atakuelekeza kwa kinyozi wake kwa heshima zote ukimwamkia shikamoo kwanza.

(Mwaka 1964 unajirudia mno katika sura hii. Sikuupanga, na bado haujaisha.)

Lakini bei ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni ujuzi, na ujuzi wa kichwa cha Mwafrika una historia mbaya katika nchi za watu. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliyoipanga Tom Mboya iliwapeleka vijana 81 Marekani. Hadi 1963 walifika karibu 800, kutoka Kenya na nchi jirani. Wengi walitawanywa katika vyuo vya miji midogo, mahali ambapo kinyozi wa karibu na geti la chuo hakuwa lazima kinyozi wao. Yellow Springs, Ohio, ulikuwa mji wa chuo wenye sifa ya uungwana, na palikuwa na kinyozi mmoja, Lewis Gegner, aliyekataa kunyoa weusi. Hoja yake ilikuwa kwamba hajui kunyoa nywele zao. Machi 14, 1964 wanafunzi wa vyuo vya eneo hilo, weusi na weupe, waliijaza barabara mbele ya saluni yake. Polisi wakatumia mabomu ya machozi na mipira ya maji ya zimamoto, na zaidi ya watu mia moja wakakamatwa. Gegner alifunga saluni na hakuifungua tena.

Ninachokitafakari katika kisa hicho ni ile hoja. Ilikuwa kisingizio cha ubaguzi, bila shaka, lakini kisingizio hicho kilidumu kwa sababu kilikuwa na ukweli ndani yake: shule hazikufundisha. Hadi 2021 mtu aliweza kuhitimu ufundi wa nywele Uingereza bila kugusa kichwa cha kipilipili, kwa kuwa somo hilo lilikuwa la kuchagua. Mwaka huo viwango vya taifa vya fani vikabadilishwa vikajumuisha nywele za aina zote. Jimbo la New York lilipitisha sheria kama hiyo 2023. Kwa hiyo kinyozi wa leo mwenye umri wa miaka arobaini, katika mji usio na weusi wengi, akikuambia kwa adabu kwamba hana uzoefu na nywele zako, mshukuru. Hatari ni yule anayesema "hakuna shida" huku akichukua chupa ya kunyunyizia maji.

Maji ndiyo dalili. Nywele za singa hulowanishwa, zikachanwa zikanyooka, zikakatwa kwa mkasi kati ya vidole viwili. Kipilipili zikilowa hurefuka, na zikikauka hujikunja. Atakayezikata zikiwa mbichi kwa mkasi atakuachia mabonde ambayo utayaona ukishafika nyumbani. Kichwa cha kipilipili huchanwa kikavu, kikapitiwa na mashine. Kisha kuna wembe. Shina la nywele zetu limepinda tangu chini ya ngozi, hivyo unywele uliokatwa karibu mno na ncha kali hurudi ndani na kutengeneza vipele, hasa kidevuni na nyuma ya shingo. Kinyozi anayevuta ngozi na kwenda kinyume cha uotaji ili ulainike kama yai atakupa siku mbili za unadhifu na wiki mbili za kujikuna.

Basi mtafutaji asianze na bango la bei, aanze na kioo cha dirisha. Simama nje dakika chache, tazama walioketi. Kama kuna vichwa viwili vya aina ya chako, na mmoja anaondoka akijitazama kwenye simu kwa kuridhika, ingia. Kama hakuna, pita. Ushauri mwingine wote ni nyongeza: msikitini baada ya Ijumaa na kanisani baada ya misa mfuate kijana aliyenyolewa vizuri umuulize anakonyolewa, hakuna mwanamume aliyewahi kuchukizwa na swali hilo. Duka la unga wa ugali na ndizi za kupika nalo linajua, na Ujerumani mara nyingi msusi yuko humohumo, nyuma ya magunia. Ramani ya kwenye simu ina nyota nyingi zilizogawiwa na watu wenye nywele za singa. Tazama picha, achana na nyota.

Ukishaketi, "kama kawaida" haitakufikisha popote. Dunia imebahatika kuwa na lugha moja ya vichwa, nayo ni namba za vichana vya mashine. Leo Wahl wa Sterling, Illinois, alianza kutengeneza mashine zake za umeme mwaka 1919, na vichana vinavyovalishwa mashine za siku hizi huhesabiwa kwa sehemu za nane za inchi: namba 1 huacha milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 karibu milimita 10, namba 4 karibu 13. London sema namba. Berlin na Tokyo sema milimita. Zijue zako kabla hujasafiri. Mwombe kinyozi wako wa nyumbani akuambie anavalisha nini juu na nini pembeni, na akikumaliza vizuri jipige picha tatu, mbele, ubavuni na kisogoni. Vijana wanaotaka fedi, ule mtindo wa pembeni kufifia hadi ngozi, waseme inaanzia wapi: juu ya sikio, katikati, au karibu na utosi. Neno lenyewe bila urefu limewaharibia wengi mahafali.

Kuhusu kuokoa fedha, njia ya heshima kuliko zote ni shule za vinyozi. Uingereza na Marekani vyuo vya ufundi hunyoa umma kwa bei ndogo, mwanafunzi akiwa na mwalimu begani. Inachukua saa nzima badala ya nusu, na hapo hesabu yetu ya mwanzo inajidhihirisha: unalipa kidogo kwa fedha na kingi kwa muda. Mwanafunzi wa digrii anayeruhusiwa na viza ya Uingereza kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula ana muda kuliko fedha, basi naye abadilishane. Aulize tu kama mwalimu anajua kipilipili. Njia nyingine ni kupunguza kazi yenyewe. Panki ya juu yenye mstari na fedi huhitaji kurudi kila wiki mbili. Mashine ya namba moja kichwa kizima hukaa mwezi bila kumwaibisha mtu. Wazee wetu waliokwenda kusoma Moscow na Leipzig hawakuwa na vichwa vilivyofanana kwa bahati mbaya.

Wajapani wamelifikisha wazo hilo mwisho wake. Mwaka 1996 kampuni ya QB House ilifungua saluni Tokyo iliyotoza yeni 1,000 kwa dakika kumi: hakuna kuosha, hakuna kunyoa ndevu, hakuna simulizi, unanunua tiketi kwenye mashine, unakatwa, na bomba la kunyonya hewa linakusafisha nywele zilizodondoka. Bei imepanda tangu hapo, na mikoa kadhaa ikapitisha kanuni za kudai kila saluni iwe na sinki la kuoshea, jambo lililowafurahisha vinyozi wa zamani. Kwa mwenye singa ni mpango mzuri. Kwa kipilipili dakika kumi ni za kuchana tu.

China ina kalenda. Mila ya huko inasema anayekata nywele katika mwezi wa kwanza wa mwaka wao wa mwandamo humletea mjomba wake kifo, kwa hiyo watu hujazana kwa vinyozi kabla ya sikukuu, bei hupanda, kisha saluni nyingi hufungwa. Siku ya pili ya mwezi wa pili foleni hurudi upya. Mtanzania anayesoma Guangzhou aende mapema, au aende Xiaobei kwenye maduka ya Waafrika, ambako mjomba wa mtu hayuko hatarini.

Marekani weka akiba ya bakshishi, asilimia 15 hadi 20 juu ya bei ya ubaoni, na si hiari kama inavyosemwa. Kinyozi anaihesabu kuwa sehemu ya ujira wake. Uingereza ukimwachia pauni moja au mbili atafurahi, usipomwachia hatakununia. Japani usijaribu.

Wapo wanaochoka na haya yote wakanunua mashine. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuona mwaka 2020, wakati saluni zilipofungwa na nusu ya dunia ikajinyoa bafuni kwa vioo viwili. Hesabu inavutia: mashine nzuri inajilipa baada ya vichwa vitatu au vinne. Ila tazama umeme. Mashine ya waya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka kwenye volti 230 za Ulaya au nyumbani itanguruma, itanuka na kufa. Tafuta iliyoandikwa 100 hadi 240, au ya betri. Kisha tafuta mwenzako wa chumba muwe mnanyoana, maana kisogo cha mtu hakionekani kwa mwenyewe hata awe na vioo vingapi. Na mashine ya watu wengi isafishwe kwa spiriti kila kichwa, kama mnavyodai kwa kinyozi; mapunye hayaulizi kama mko bwenini Nottingham au shule ya msingi Singida.

Wengi, hata hivyo, hujinyoa miezi sita, kisha hurudi saluni, na sababu yao si unadhifu. Ni benchi. Inua Ellams alipotunga tamthilia ya Barber Shop Chronicles, iliyoonyeshwa London 2017, aliipitisha katika saluni za miji sita: London, Johannesburg, Harare, Kampala, Lagos na Accra. Sisi wa Dar na Nairobi ametuwakilisha kwa Kampala, haya. Alichokiona ni kwamba wanaume wa Kiafrika wanaoishi mbali huzungumza kwenye kiti cha kinyozi mambo ambayo hawayazungumzi kwingine: mwenye nyumba, karatasi, mtoto anayekataa kuzungumza lugha ya nyumbani, nani anaajiri. Mgeni anayeketi benchini saa moja akisubiri zamu hutoka na tetesi za chumba na namba ya simu ya msimamizi wa ghala. Ukiweka thamani ya hayo kwenye pauni 15, bei inabadilika tena.

Ukimpata wako, nenda Jumanne au Jumatano asubuhi. Jumamosi, wiki ya Krismasi na siku mbili za mwisho za Ramadhani anafanya kazi kwa haraka kama kila mtu. Chukua namba yake ya simu mwenyewe, usichukue ya saluni, kwa sababu kiti amekikodi na siku kodi ya wiki ikipanda atahamisha mashine zake bila kubandika tangazo. Akihama mfuate, hata kama kiti kipya kiko upande wa pili wa mji. Nauli ya basi la London mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75, na kumfundisha kinyozi mpya kichwa chako kutakugharimu zaidi ya hapo.